Barua ya wazi kwa wasimamizi wa bahari ya Zanzibar: anayevua kwa miguu naye ni mvuvi

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nakuandikieni kutoka kijiji cha wavuvi, kusini mwa Pemba. Nasomesha skuli ya msingi, na jioni na siku za mapumziko ni katibu wa kamati ya uvuvi ya shehia yetu, yaani mtaa unaoongozwa na sheha. Barua hii naielekeza kwenu mlioko Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, kwa wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, kwa wakuu wa mikoa na wilaya, na kwa masheha wa ukanda wote wa pwani. Nimeiacha wazi kwa sababu ninalolisema haliishii kwenye mipaka ya shehia yetu.

Baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mvuvi wa dema, ule mtego wa kusukwa. Mama yangu huchokoa pweza, na mpaka leo, magoti yakimruhusu, hushuka pwani kila bamvua, siku za mwezi ambazo maji hujaa sana na kukupwa sana. Muulize mtu yeyote hapa kijijini nani alikuwa mvuvi wa nyumba yetu, atakutajia baba. Mama mwenyewe atakutajia baba. Lakini upepo wa kusi ulipokaza, dau la baba lilivutwa juu likafunikwa makuti, na chungu chetu hakikukosa kitoweo. Kulikuwa na pweza, kulikuwa na chaza na kombe, na pweza wa ziada aliuzwa nikapata madaftari na sare. Nimefika chuo cha ualimu kwa mchokoo wa mama, kile kijiti cha kumtolea pweza tunduni. Ndiyo maana naona uzito kila ninaposikia hotuba ya uvuvi inayoanza na boti na kumalizikia kwenye mashine.

Mwaka uliopita shehia yetu ilikubaliana kufunga sehemu moja ya mwamba kwa miezi mitatu, pasichokolewe pweza wala pasizamiwe. Makubaliano hayakuja kwa siku moja. Tulikaa vikao vinne chini ya mkungu ulio karibu na diko, pale vyombo vinaposhushia samaki, kina mama upande mmoja na wanaume upande wa pili kama ilivyo desturi yetu, na mabishano yalikuwa makali, maana kwa mtu anayekula leo alichokivua leo, miezi mitatu ni mingi. Katika kikao cha tatu bi mkubwa mmoja, mjane, alisimama akauliza: "Pweza atakua, sawa. Nani atamlinda mpaka akue? Na nani atamchukua akishakua?" Nikaandika maswali yake kwenye daftari la kamati. Hatukuwa na jibu la kuandika chini yake, na mpaka leo nafasi ile iko wazi.

Tulifunga hivyo hivyo. Bamvua sita zilipita kina mama wakiutazama mwamba wao kwa mbali. Walikwenda sehemu nyengine zilizokwisha kuchokolewa, wakarudi na vidogo vidogo. Wengine waliongeza kamba za mwani. Kuna waliokopa mchele dukani kwa ahadi ya siku ya kufungua.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya mwezi mwandamo. Nyinyi mnaoijua pwani yetu mnajua kwamba bamvua huku hukupwa mnamo saa nne asubuhi, na tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika kiasi cha mita nne. Kwa hiyo anayevua kwa miguu hana la kufanya mpaka saa tatu na nusu hivi, mwamba unapoanza kutoa kichwa. Kina mama walikusanyika mapema, na michokoo yao, na ndoo na mapakacha, watoto wakiwa wamepewa ruhusa ya skuli. Saa kumi na mbili na nusu, maji bado kifuani mwa mtu mzima, tukasikia mashine. Boti nne, kisha ya tano. Vijana wenye miwani ya kuzamia na mishale ya chuma walijitupa majini kwenye ule ukingo wa mwamba ambako pweza wakubwa hukaa, na kwa saa tatu walivua huku kina mama wamesimama mchangani wanawaangalia. Mwamba ulipokauka, boti zilikuwa zimeshajaa na nyengine zimeshaondoka.

Mama alirudi na pweza wawili. Aliuosha mchokoo wake kwa maji ya kisima, akauchomeka kwenye makuti ya paa kama kawaida yake, akaenda kusali adhuhuri. Hakusema neno kuhusu siku ile, na mimi sikuweza kumuuliza.

Sitaki mtu asome hapa akadhani nawatukana wale vijana. Pemba ni kisiwa cha dago, yaani kambi ya wavuvi walio mbali na kwao. Watu wa Kojani wameufanya uvuvi wa kuhama na pepo kuwa maisha yao tangu enzi za mababu, na baba yangu mwenyewe amepiga dago miezi kwa miezi mbali na nyumbani. Dago lina adabu zake: mgeni anafika kwa sheha, anajitambulisha, anaelezwa desturi za mahali, anapewa pa kulala. Siku ile hakuna aliyefika kwa sheha, na sisi hatukuwa na karatasi yoyote yenye nguvu ya kuwaambia wasubiri. Tulikuwa na makubaliano ya kijiji tu. Vijana wale wana watoto kama sisi, na aliyewatuma, mwenye boti na mafuta, hakuwepo hata pwani.

Faida ya kufunga haina siri, na wazee waliijua kabla ya mtaalamu yeyote. Pweza wa miamba yetu haishi miaka mingi. Umri wake ni kama mwaka, ukizidi mwaka na nusu. Hukua kwa kasi ambayo samaki wa miamba kama chewa hawezi kuifikia. Yule wa robo kilo anayechokolewa leo, ukimwacha miezi mitatu anapita kilo. Na jike akishataga hukaa tunduni akiyalinda mayai yake, hali chakula, na yakianguliwa hufa. Kwa hiyo anayemchokoa mama wa mayai amechukua kizazi kizima kwa bei ya kitoweo kimoja. Kisiwa Panza, majirani zetu, wamekuwa wakifunga na kufungua kwa miaka kadhaa sasa, na Kizimkazi kule Unguja vilevile. Utaratibu umeshajaribiwa katika bahari hii hii. Kinachokwama ni yale maswali mawili ya bi mkubwa.

Ugumu wa swali la kwanza, la ulinzi, niliuona kwa macho yangu.

Usiku wa bamvua ya nne tuliona taa mwambani. Tuna boti ya doria, tuliipata kwa msaada, nzuri, na mashine yake haina kasoro. Haikuwa na petroli. Tulichangishana pale pale mchangani, elfu mbili huyu, elfu moja yule, tukapata kiasi cha kutufikisha na si cha kuturudisha. Vijana wetu wakachukua mtumbwi wakapiga kafi. Walipofika palikuwa na makopo ya betri na pweza wadogo waliotupwa, wafu. Mara nyengine, miezi michache kabla, tulifanikiwa kulikamata juya la kukokota lenye macho madogo, linaloparura majani ya bahari na kubeba hata vitoto vya tasi. Tulilipeleka mahali panapohusika, tukaandikisha, tukapewa namba. Haikumaliza wiki juya lile likapitishwa mbele ya diko letu likiwa juu ya mabega ya mwenyewe. Sipataji mahali pale, wala simtaji aliyelitoa. Nataka tu mjue kijana wa doria anajisikiaje asubuhi ya siku hiyo, na kwa nini mara ya pili ukimwita usiku hakuitikii.

Waheshimiwa, sheria ipo. Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar Namba 7 ni ya mwaka 2010. Maeneo ya hifadhi yapo: Ghuba ya Menai tangu 1997, Mnemba tangu 2002, na hili letu la mkondo wa Pemba, PECCA (Pemba Channel Conservation Area), tangu 2005, ambalo kwenye ramani linaifunika pwani yote ya magharibi ya kisiwa. Kwenye ramani tumelindwa kwa miaka ishirini na zaidi. Juu ya maji, anayelinda ni mtu wa kijijini asiyelipwa, mwenye kurunzi, asiye na hati ya kumwonyesha anayemkuta.

Ninachoomba kwanza ni hati hiyo. Kamati za shehia ziandike kanuni zao ndogo, na zile zisizopingana na sheria zitiwe saini na kutangazwa ndani ya muda unaojulikana, ili siku ya kufunga na ya kufungua ziwe na nguvu ya kisheria kwa mwenyeji na mgeni. Za kwetu tumeziandika kwa mkono, kurasa sita, zimepigwa muhuri wa sheha. Tumeambiwa zinapitiwa. Watoto niliokuwa nao darasa la nne tulipoziwasilisha sasa wako la sita.

Na ndani ya kanuni hizo tunataka jambo moja ambalo hatutalibadilisha: siku mbili za mwanzo za kila ufunguzi ziwe za wanaovua kwa miguu. Boti na wazamiaji waanze siku ya tatu. Bamvua ina siku chache tu za kukupwa vizuri. Tukiwapa kina mama mbili kati ya hizo tunakuwa tumewalipa kwa miezi mitatu waliyosubiri. Mwanamme mwenye boti ana bahari nyengine kubwa ya kwenda. Mama mwenye mchokoo ana kile kipande cha mwamba kinachokauka, na kikishamalizwa hana pengine.

Jambo la pili ni kuhesabiwa. Kila diko lina bwana diko anayeandika samaki wanaoshuka: changu kilo ngapi, jodari wangapi, chombo gani. Ni kazi nzuri na namheshimu bwana diko wetu. Lakini mama hapiti dikoni. Anatoka mwambani anakatiza kwenye mikoko, anaingia kwa nyuma ya nyumba, pweza mmoja anampa jirani, wawili anamuuzia mchuuzi njiani, aliyebaki anapikwa. Hakuna daftari linalomwandika. Mwisho wa mwaka takwimu zinakusanywa, na katika takwimu hizo mama yangu hajavua kitu maisha yake yote. Zikija boti za mkopo, anayeitwa ni aliyeandikwa. Ukija mpango wa kugawa eneo la bahari kwa hoteli au kwa mradi, anayeulizwa ni aliyeandikwa. Kwa sensa ya 2022 Zanzibar ina watu 1,889,773, na Pemba peke yake ni 543,441. Ukizunguka vijiji vyetu vya pwani utajionea wangapi kati yao wanategemea mwamba mkavu kwa kitoweo cha kila siku.

Dunia imeshakubali hesabu hii. Miongozo ya Hiari ya uvuvi mdogo, iliyopitishwa mwaka 2014 chini ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, inamtambua anayeokota mwambani na anayekausha samaki sawa na anayekwenda na chombo. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa uliutenga kuwa mwaka wa wavuvi wadogo. Utafiti mkubwa uliotolewa 2023 na FAO na wenzake ulionyesha kwamba uvuvi mdogo unaleta si chini ya asilimia 40 ya samaki wote wanaovuliwa duniani, na kwamba kati ya kila watu kumi wanaofanya kazi katika uvuvi huo wanne ni wanawake. Kwa hiyo tunaloliomba si jipya wala si la kupita kiasi. Muongezeni bwana diko msaidizi mmoja, mwanamke wa kijijini, akae kwenye njia ya mikoko wakati wa bamvua na mizani yake. Ni daftari na mizani.

Kuhusu boti: Serikali imegawa boti kwa wavuvi, na kwa wakulima wa mwani pia, na tunashukuru kwa dhati. Lakini boti isiyo na barafu, isiyo na petroli ya kutosha na isiyo na nahodha aliyefundishwa kusoma bahari ya nje haitakwenda nje. Itarudi mwambani, palepale penye kina mama, kwa sababu hapo ndipo mafuta yanapotosha. Nimeliona kwa macho. Mkitaka jodari na nguru wa maji makubwa wawe wa Wazanzibari, wapeni wavuvi barafu kabla ya mashine kubwa zaidi.

Pesa za doria mtauliza zitoke wapi. Mgeni anayekwenda kuogelea Mnemba, au kutazama pomboo Kizimkazi, analipa ada ya kuingia hifadhini. Anachokilipia ni bahari iliyo hai, na uhai huo unalindwa na watu ambao hawajawahi kuiona ada hiyo. Sehemu yake, hata iwe ndogo, iwekwe moja kwa moja kwa ajili ya petroli ya kamati za shehia, Unguja na Pemba, na kila kamati ibandike ukutani mwa ofisi ya sheha ilichopokea na ilichotumia. Mimi ni katibu. Nitakuwa wa kwanza kubandika.

Kwamba mvuvi anaweza kuwa mlinzi hakuhitaji ushahidi wa mbali. Chumbe, kisiwa kidogo karibu na Unguja, kilipofanywa hifadhi mwaka 1994, walioajiriwa kukilinda walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani, nao ndio waliowaelimisha wenzao waliokuja na nyavu. Huku kwetu tuna Misali, kisiwa cha upande wa Wesha, hifadhi tangu 1998. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Hadhara alipita pale akawaomba wavuvi msala wa kusalia, hawakuwa nao, akasema basi kisiwa chenyewe kitakuwa misali ya msala, akasali juu yake. Nilipokuwa mdogo baba alinikataza kutema mate nikiwa Misali. Watu wa hifadhi walipokuja na mabango hawakusikilizwa sana. Masheikh waliposimama wakakumbusha kwamba mwanadamu amewekwa duniani kuwa khalifa, mwangalizi wa kilichoumbwa, na kwamba israfu ni haramu hata ukiwa katikati ya maji mengi, wavuvi waliinamisha vichwa. Narudia hili kwa sababu mara nyingi tunaletewa elimu ya mazingira kana kwamba hatuna yetu. Tunayo. Tunachokosa ni nguvu ya kisheria.

Nina mengi mengine na sitayamaliza. Ndugu zetu wa pwani ya mashariki ya Unguja wanaeleza jinsi njia za kushukia baharini zinavyobanwa kati ya ukuta wa hoteli na ukuta wa hoteli. Njia hizo ziwekewe mipaka na zisajiliwe kabla hazijapotea. Visiwa vidogo vinavyokodishwa kwa wawekezaji vina madago ya watu, na visima, na mahali pa kuanikia. Mikataba itaje hayo kwa majina. Kina mama wa mwani, kilimo kilichoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, wanaona mwani ule wenye bei nzuri ukioza kwa joto la maji ya karibu, na wengi hawajui kuogelea ili waufuate kwenye kina. Mwani ukikataa, mama huyo anarudi kwa pweza. Mwamba ule ule, kina mama wengi zaidi, na matumbawe yenyewe yamepauka kwa joto, mwaka 1998, mwaka 2016, na tena mwaka 2024. Kwa hiyo kila mwaka unaopita bila hati ya kamati, mzigo juu ya kipande kile cha mwamba unazidi.

Kuna wanaosema kina mama waachane na pweza, wapewe mafunzo ya sabuni na ushoni. Wapewe, wanaotaka. Lakini mtu anayejua kulitambua tundu la pweza kwa namna mawe madogo yalivyopangwa mlangoni, anayejua siku ya mwezi bila kalenda, ana taaluma. Mama alinifundisha kwamba maji yakianza kurudi hugusa kwanza mahali fulani nyuma ya mwamba, na ukiona vijisamaki vidogo vimegeuka, funga pakacha lako utoke. Hakuna chuo kitakachoifundisha taaluma hiyo ikishakatika.

Tumekutana tena chini ya mkungu wiki iliyopita. Safari hii walioinua mikono kutaka kufunga walikuwa wachache kuliko mwanzo, na bi mkubwa yule hakuuliza kitu. Alikaa kimya mpaka mwisho. Tumekubaliana, kwa kura chache, kufunga tena upepo wa kaskazi ukianza, bamvua sita kama zile za mwanzo. Kanuni zetu zikiwa zimesainiwa kabla ya hapo, nitazisoma kwa sauti mbele ya kikao, kurasa zote sita, na nitaijaza ile nafasi iliyo wazi kwenye daftari.

Na siku ya kufungua tunakukaribisheni. Mfike alfajiri, mle nasi muhogo na chai, kisha msimame na kina mama mchangani. Kufika saa nne mwamba utakuwa mkavu. Mama atakuwepo.

Wassalaam,

Katibu wa kamati ya uvuvi ya shehia,
Kusini Pemba